Wasomaji Wanauliza: Goblin, Mellotron na Sauti za Filamu za Kutisha za Italia

Barua za mwezi huu zimeelemea upande mmoja: roki ya progresivu ya Italia ya miaka ya 1970, yaani roki ya nyimbo ndefu zenye sehemu nyingi, na namna ilivyoingia kwenye filamu za kutisha. Tumechagua zile zinazogusa kazi yenyewe, yaani vyombo, hesabu ya mapigo na kurekodi.

SWALI: Nimeitazama Suspiria nikaona jina Goblin kwenye orodha ya waliohusika. Hawa ni kina nani, na ilikuwaje bendi ya roki ikapewa kazi ambayo kwa kawaida hupewa mtunzi wa okestra? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Goblin ni bendi ya Roma. Nguzo zake ni watatu: Claudio Simonetti kwenye vinanda, Massimo Morante kwenye gitaa na Fabio Pignatelli kwenye besi. Kwenye ngoma, Walter Martino alianza kurekodi muziki wa filamu Profondo rosso, Agostino Marangolo akaimalizia na kubaki. Maurizio Guarini aliingia baadaye kama mpiga vinanda wa pili.

Mwanzoni walijiita Oliver, wakapiga muziki mrefu wenye sehemu nyingi, wakiwafuata Genesis na Yes wa Uingereza. Kampuni ya Cinevox ikawachukua, na albamu yao ya kwanza ikatoka kwa jina la Cherry Five. Jibu la swali lako limo kwenye jina hilo la kampuni. Cinevox ilikuwa ya familia ya Bixio, na biashara yake kubwa ilikuwa muziki wa filamu. Kwa hiyo vijana hawa walikuwa tayari nyumba moja na watu wanaotafutiwa muziki na waongozaji.

Dario Argento, mwongozaji wa Suspiria, alipokuwa akitengeneza kwanza Profondo rosso, mtunzi alikuwa Giorgio Gaslini, mpiga piano wa jazi mwenye jina kubwa. Argento hakuridhika na baadhi ya vipande, akataka sauti ya roki, na Goblin wakaitwa. Filamu ilitoka mwaka 1975, na santuri ya muziki wake ikapanda hadi namba moja Italia na kuuza zaidi ya nakala milioni moja. Kuna kosa moja hurudiwa mara nyingi: wimbo wa kitoto, ule wa bembelezo unaosikika mwanzoni mwa filamu, watu huwapa Goblin. Huo ni wa Gaslini. Ukisikia gitaa, besi na kinanda kinachonguruma kama cha kanisani, hao ndio Goblin.

SWALI: Nimesikia kwamba muziki wa Suspiria ulipigwa kwa sauti kubwa pale pale waigizaji walipokuwa wakiigiza. Inawezekanaje? Si ungeharibu mazungumzo yote? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Ni kweli, na swali lako limegusa penyewe. Uliwezekana kwa sababu mazungumzo yaliyorekodiwa pale hayakuwa yatumike. Filamu nyingi za Italia za wakati ule zilipigwa picha kwanza, sauti za waigizaji zikaingizwa studio baadaye. Sababu moja ilikuwa mchanganyiko wa waigizaji. Kwenye Suspiria ya mwaka 1977 wamo Jessica Harper na Joan Bennett wa Marekani, Alida Valli wa Italia na Udo Kier wa Ujerumani. Kwa kuwa kila toleo la lugha lingetiwa sauti upya studio, mwongozaji hakuwa na haja ya ukimya mbele ya kamera.

Argento akaitumia nafasi hiyo. Goblin walimwandalia vipande vya awali, akavipiga kwa vipaza sauti wakati wa kuigiza, ili mwigizaji atembee na kugeuka akiwa tayari ndani ya ile sauti. Picha zilipokwisha, bendi ikarudi studio na kuitengeneza kazi upya ili ilingane na filamu iliyokatwa.

Hili ndilo linaloutofautisha muziki huu na ule wa filamu nyingi tulizozoea. Mtunzi wa kawaida hupokea picha zilizokamilika, akaufuata mlango unapofunguka, akapandisha fidla kisu kinapoonekana. Goblin wa Suspiria hawamfuati mtu. Wimbo umekwishaanza, unazunguka kwa mwendo wake, na binti anaingia ndani yake kama mtu anayeingia kwenye nyumba yenye wenyewe. Ndiyo maana unatisha hata pale ambapo kwenye picha hakuna lolote zaidi ya mvua na teksi.

SWALI: Mimi ni mpenzi wa PFM na Banco, bendi za progresivu za Italia. Je, nao walitunga muziki wa filamu za kutisha? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Hapana, si hao wawili. Banco del Mutuo Soccorso walitunga muziki wa filamu Garofano rosso mwaka 1976, lakini hiyo si ya kutisha. Ndoa ya progresivu na sinema nchini Italia ilianzia kwingine: mwaka 1971 bendi ya New Trolls ilifanya kazi na mtunzi Luis Bacalov kwenye Concerto grosso, sehemu yake ikitumika katika filamu La vittima designata, na mwaka 1972 bendi ya Osanna na Bacalov huyo huyo wakafanya Milano calibro 9, filamu ya majambazi. Kwenye hofu hasa, baada ya Goblin itafute bendi ya Libra, iliyopiga muziki wa Shock ya mwongozaji Mario Bava mwaka 1977. Utakuta humo Walter Martino na Maurizio Guarini.

SWALI: Kwenye filamu za kutisha za mwongozaji Lucio Fulci kuna kwaya inayoimba kama watu, lakini si watu. Inatetemeka kidogo, halafu inakatika. Ni chombo gani? Na sisi wenye kwaya kanisani tunaweza kuipata sauti hiyo bila kununua chombo chenyewe? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Hicho ni Mellotron. Mtunzi wa Fulci, Fabio Frizzi, alikipenda sana. Kisikilize kwenye Paura nella città dei morti viventi ya mwaka 1980.

Mellotron ni kinanda kisichotengeneza sauti kwa umeme. Chini ya kila kibao kuna ukanda wa kaseti, mpana kidogo, uliorekodiwa noti moja ya kwaya, fidla au filimbi. Ukibonyeza, kibao kinausukuma ukanda ugusane na kichwa cha kusomea na gurudumu linalozunguka, nao unaanza kuvutwa. Ukiachia, springi inaurudisha mwanzo. Aina ya M400, iliyotoka mwaka 1970, ina vibao 35, kuanzia G ya chini hadi F ya juu, na kila ukanda una sekunde kama nane. Zikiisha, ukimya. Huko kukatika ulikokusikia ni mwisho wa ukanda.

Kutetemeka kuna sababu mbili. Ya kwanza, kila noti ilirekodiwa peke yake, kwa hiyo pumzi na mtikisiko wa koo kwenye G haulingani na wa G iliyoongezwa nusu. Ya pili ni mota: gurudumu ni moja kwa kanda zote, na ukibonyeza vibao vitano au sita kwa pamoja kanda zinalivuta, mwendo unapungua na sauti zote zinashuka kidogo. Fundi mwenye chombo chenyewe husafisha vichwa kwa spiriti safi na kurekebisha skrubu mbili za kila kibao, moja ya kukandamiza ukanda kwenye kichwa, nyingine kwenye gurudumu. Zikilegea noti inafifia. Zikikazwa mno mota inalemewa.

Sasa kwaya yenu. Hamna haja ya kurekodi noti zote 35. Rekodini 12 tu, kila moja ibebe kibao chake, kimoja cha chini yake na kimoja cha juu yake. Anzeni na G# ya chini, halafu B, D, F, mkirudia hizo nne oktava tatu. Hapo mmefunika vibao vyote, na hakuna sauti itakayovutwa zaidi ya nusu noti. Mkivuta noti moja mbali zaidi ya hapo, sauti za watu zinakuwa za katuni kwa juu na za mlevi kwa chini.

Waimbaji wanne hadi sita wanatosha kwa kila noti. Besi waimbe za chini, soprano za juu, irabu moja tu, "aa", mdomo wazi wastani. Mikrofoni moja, mita moja na nusu hadi mbili kutoka kwao, katika chumba chenye mapazia na si ukumbi wenye mwangwi. Mwangwi mtautia baadaye; ukishaingia kwenye rekodi hautoki. Kila noti ishikwe sekunde kumi, rudieni mara tatu, chagueni moja. Msimwambie mtu asitetemeshe sauti, tofauti hizo ndizo tunazozitaka.

Kwenye programu ya kompyuta, kateni kila noti iishie sekunde ya nane na mzime ile alama ya kurudiarudia. Wengi huiacha, na kwaya ikawa haina mwisho. Papo hapo Mellotron imekufa, imebaki kinanda cha duka. Kisha punguzeni sauti zote za juu ya Hz 8,000, kwa sababu kanda za zamani hazikuzibeba vizuri. Mpigaji naye ajifunze kubadilisha vidole kabla ya sekunde nane kwisha: aachie noti moja, ashike nyingine, asiachie zote kwa pamoja.

SWALI: Kwenye wimbo mkuu wa Suspiria kuna chombo cha nyuzi kinacholia kwa ukali, na mtu ananong'ona. Nina udi nyumbani. Unafaa? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Chombo hicho ni buzuki ya Wagiriki, na chini yake kuna tabla za Kihindi na sinthesaiza (kinanda kinachotengeneza sauti kwa umeme) kubwa ya Moog. Anayenong'ona ni Simonetti mwenyewe.

Udi utakupa noti, lakini hautakupa ukali ule. Buzuki ina nyuzi za chuma zilizopangwa jozi jozi, na kwenye ile ya jozi nne, jozi mbili za chini kila uzi mmoja umepandishwa oktava juu ya mwenzake. Ndiyo maana noti moja inasikika kama inalia mara mbili. Udi nao una jozi, lakini nyuzi zake ni za nailoni na shingo haina vizuizi, hivyo sauti inakuwa ya mviringo na hufa mapema. Kama uko Mombasa, tafuta taishokoto kwa wazee wa taarabu. Nyuzi zake ni za chuma, kadhaa zimelinganishwa sauti moja, na vibao vyake vya kubonyeza vinatoa kishindo kidogo ambacho ni dhahabu kwa kazi hii. Usipoipata, gitaa la nyuzi 12 linatosha. Ukiwa na gitaa la kawaida tu, piga wimbo mara mbili: mara ya pili oktava juu, ukichuna kwa wepesi karibu na daraja, halafu weka rekodi moja kushoto na nyingine kulia. Usinakili rekodi moja mara mbili. Zikilingana kabisa, masikio huzisikia kama moja.

Mnong'ono nao una siri yake: hauwi na noti, unafuata tu mapigo ya wimbo. Kaa sentimita tano hadi kumi kutoka kwenye mikrofoni, lakini elekeza mdomo pembeni yake, si katikati, la sivyo kila "p" na "b" italipuka. Rekodi mara tatu. Ondoa kila kitu cha chini ya Hz 150. Kosa la kawaida ni kuutia mwangwi mwingi ili utishe, nao unakwenda mbali na kuwa upepo. Uache mkavu. Mnong'ono mkavu uko begani kwa msikilizaji, na humfanya ageuke.

SWALI: Tunatengeneza filamu fupi ya chuo. Kuna tukio la sekunde 40, mtu anatembea kwenye korido. Tunataka muziki wa mtindo huu lakini kila tukijaribu inakuwa kama muziki wa mazoezi ya viungo. Tunakosea wapi? (Wasomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Kwa dalili mlizotaja, mnahesabu nne. Mwili wa mtu unaizoea nne mara moja, na kilichozoeleka hakitishi. Bendi za progresivu zilikuwa na mazoea ya kupunguza au kuongeza pigo moja ili mguu usipate pa kutua. Mfano maarufu si wa Italia: Tubular Bells ya Mike Oldfield, iliyotumika kwenye The Exorcist mwaka 1973, inazunguka kwa mapigo 15, saba kisha nane. Mnaweza kuanza na hesabu hiyo hiyo kwa wimbo wenu.

Kwa kuwa wengi wenu mmepitia kwaya, tuandike kwa sol-fa, kwenye ngazi ya huzuni inayoanzia la. Saba za kwanza: la mi la ti do ti la. Nane za pili: la mi la ti do re do ti. Mi iwe ya chini ya la. Pigeni mfululizo bila kupumua katikati. Masikio yanategemea sehemu ya kwanza iwe na noti nane, inakatwa kwenye saba, na ya pili inaanza mapema kuliko ilivyotarajiwa. Hakuna kingine cha ajabu humo.

Mwendo uwe mapigo madogo 200 kwa dakika, yaani kwenye programu andikeni 100, kwa sababu programu huhesabu mawili mawili. Mzunguko mmoja wa 15 unakuwa sekunde nne na nusu kamili, na mizunguko tisa ni sekunde 40 na nusu: korido yenu nzima. Muhimu: badilisheni kipimo cha programu kiwe 15/8 kabla ya kurekodi. Kikibaki 4/4, kengele ya kuhesabia italia mahali pasipo pake na mpigaji ataanza kuifuata bila kujua.

Sasa ongezeni ngoma moja nzito, lakini hiyo ihesabu nane. Itaanza pamoja na wimbo, itaachana nao, na watakutana tena baada ya mapigo 120, yaani sekunde ya 36. Hapo ndipo muweke lile jambo: mkono kwenye kitasa, taa kuzimika, chochote mlicho nacho. Mtazamaji hatajua kwa nini mwili wake ulitegemea kitu wakati ule.

Besi msiianze mwanzoni. Mizunguko mitatu wimbo na ngoma tu, wa nne besi. Kwa besi tumieni sinthesaiza yoyote yenye osileta tatu, yaani vyanzo vitatu vya sauti, kama ilivyokuwa Minimoog: mbili za umbo la msumeno zilizoachana oktava, ya tatu sawa na ya chini lakini imeharibiwa kidogo, sehemu sita hivi kati ya mia za nusu noti. Ikizidi kumi na tano itasikika kama chombo kibovu. Kichujio, kile kinachozuia sauti za juu, kianze kimefungwa karibu chote na kifunguke polepole hadi sekunde ya 36.

Kisha kuna mambo mawili yanayoharibu kazi nzuri. La kwanza ni kurekebisha noti zote zikae sawasawa kwenye mistari ya programu. Goblin walipiga kwa mikono, na noti zao zinasukumana. Rekebisheni ngoma tu, wimbo uacheni. La pili ni maneno: kama mtu anaongea kwenye korido, punguzeni wimbo desibeli nne hivi kati ya Hz 300 na 3,000, ambako ndiko sauti ya mtu inakaa, badala ya kushusha muziki mzima.

Na mwishoni msishushe sauti taratibu. Kateni, kwenye noti ya saba ya mzunguko wa mwisho, wimbo ukiwa haujamaliza. Ukimya utakaofuata uacheni sekunde mbili kamili kabla ya sauti nyingine yoyote.

SWALI: Nina nakala mbili za Dawn of the Dead na muziki haufanani. Moja ni ya kughushi? (Msomaji, Kampala)

JIBU: Zote ni halali. George Romero aliikata filamu kwa soko la Marekani, dakika 127, akachanganya muziki wa Goblin na vipande vya maktaba ya muziki. Argento, aliyeshiriki kuigharamia, aliikata ya Ulaya kwa jina Zombi, dakika kama 119, na humo Goblin wametawala. Ya Argento ilitoka Italia mwaka 1978, ya Romero ikatoka Marekani mwaka 1979. Kama shida yako ni bendi, tazama ya Argento.

SWALI: Nataka kununua santuri tatu tu. Zipi? Na mbona Tenebre haina jina la Goblin? (Msomaji, Muscat)

JIBU: Profondo rosso, Suspiria na Roller. Hiyo ya tatu, ya mwaka 1976, si ya filamu, na ndiyo itakayokuonyesha bendi ilikuwa na uwezo gani pasipo picha. Ukipata nafasi ya nne, chukua Tenebre. Ni muziki wa filamu ya Argento, kazi ya mwaka 1982 ya Simonetti, Morante na Pignatelli. Bendi ilikuwa imeshavunjika, kwa hiyo wakatumia majina yao ya ukoo. Humo progresivu imepungua, badala yake kuna mashine ya ngoma na vokoda inayofanya sauti ya mtu iwe ya roboti. Vijana wengi waliijua kwa mlango wa nyuma, kupitia Justice wa Ufaransa, waliochukua kipande chake kwenye Phantom mwaka 2007.

Unaponunua, soma idadi ya nyimbo nyuma ya jalada. Matoleo ya baadaye ya muziki wa filamu hizi mara nyingi huongezwa majaribio ya studio na vipande vya sekunde chache vilivyokatwa kutoka kwenye filamu. Kwa mtunzi ni hazina. Kwa anayetaka kusikiliza upande mmoja hadi mwisho, atafute mpangilio wa santuri ya kwanza.